Kim wa Wapi?

Wakorea wana msemo wa kumcheka mtu anayetafuta kitu bila kujua pa kuanzia: ameenda Seoul kumtafuta Bwana Kim. Sensa ya mwaka 2015 iliwakuta akina Kim zaidi ya milioni 10.6 katika Korea Kusini, zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano. Wajumlishe na akina Lee na akina Park, unakaribia nusu ya raia wote. Sisi tuliozoea mtoto kubeba jina la baba na la babu, kisha wajukuu wakaja na mpangilio mwingine kabisa, tunaona ajabu nchi ya watu milioni hamsini kugawana majina machache kiasi hicho, na kuyashikilia kana kwamba ni shamba la urithi.

Mwenyeji wangu naye alikuwa Kim. Alisomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kisha akaja Dar es Salaam kukinoa, na mpaka leo ananiita "kaka" kwa lafudhi ya Kariakoo. Nilipomwambia nimekuja kuwatafuta akina Kim, nijue walitoka wapi na wamekuwaje wengi hivi, alicheka akasema nimeliuliza swali nusu. Mkorea akikutana na Kim haulizi zaidi ya neno moja: Kim wa wapi?

Kila jina la ukoo la Kikorea huambatana na mahali. Mahali hapo huitwa bon-gwan, na ndipo anapohesabiwa babu mwanzilishi. Kuna Kim wa Gimhae, Kim wa Gyeongju, Kim wa Gwangsan, Kim wa Andong na wengine wengi. Rais Kim Dae-jung alikuwa Kim wa Gimhae. Ukoo unaotawala Korea Kaskazini ni wa Kim wa Jeonju. Wote huandika jina kwa herufi ileile ya Kichina, ile ya dhahabu, lakini mbele ya mila si ndugu, kama ambavyo akina Juma wawili wa mitaa miwili si ndugu.

Mwenyeji wangu ni wa Gimhae, ukoo mkubwa kuliko wote nchini, wenye watu zaidi ya milioni 4.4. "Basi twende kwenu," nikamwambia. Akakuna kichwa. Yeye amezaliwa Seoul, babu yake alitoka Jeolla kusini-magharibi, na hakuna mtu wa nyumbani kwao anayekumbuka jamaa yeyote aliyewahi kuishi Gimhae. Kwao ni huko, ila hajawahi kufika.

Tulishuka Busan, tukaenda kituo cha Sasang kupanda treni ndogo isiyo na dereva inayovuka mto Nakdong na kupita kando ya uwanja wa ndege. Jina Gimhae linabeba bahari ndani yake, lakini bahari hutaiona. Zamani maji yalifika mpaka karibu na mji. Tope la mto limeyasukuma kusini, na palipokuwa ghuba sasa pana mashamba, maghala na majumba ya ghorofa. Mji wenyewe ni wa viwanda. Katika soko la Dongsang-dong mabango yamejaa lugha za Asia nzima, kwa sababu viwanda hivyo vinaendeshwa kwa mikono ya wageni, na chakula cha mchana tulikula kwa Wauzbeki, mkate wa duara na nyama ya kondoo. Kwa mji unaodaiwa na mamilioni ya watu kuwa ndio kitovu chao, nilipenda ulivyokuwa hauna makuu.

Kaburi la Mfalme Suro liko katikati ya mitaa hiyo, kilima cha majani kilichokatwa vizuri, kama mita tano kwenda juu, na mbele yake jiwe la maandishi lililosimamishwa mwaka 1647. Habari zake zimo katika Samguk Yusa, kitabu alichokikusanya mtawa Iryeon katika karne ya 13. Mwaka 42, anasimulia, wazee tisa waliokuwa wakiongoza watu wa sehemu hizi walisikia sauti juu ya kilima cha Guji ikiwaamuru wachimbe udongo, waimbe na kucheza. Kamba ya zambarau ikashuka toka mbinguni. Mwishoni mwake palikuwa na sanduku la dhahabu lililofungwa kitambaa chekundu, na ndani mayai sita ya dhahabu, ya duara kama jua. Mayai yakawa wavulana, wavulana wakawa wafalme wa falme sita za Gaya. Wa kwanza kutoka ndiye Suro, na kwa kuwa alitoka katika dhahabu, ukoo wake ukawa Kim.

Kinachonichekesha ni kwamba Gimhae ya kale haikujulikana kwa dhahabu. Ilijulikana kwa chuma. Maandishi ya Kichina ya karne ya 3 yanasema watu wa pande hizi walichimba chuma, wakawauzia majirani hadi Japani, na vipande vyake vilitumika sokoni kama fedha. Katika Jumba la Taifa la Makumbusho la Gimhae nimeviona vipande hivyo, mabamba membamba yaliyopanuka ncha zote mbili, yaliyokuwa yakilazwa kwa safu chini ya maiti wa kitajiri. Nimeona na deraya za chuma, ya mtu na ya farasi. Makaburi ya watawala hao, yale ya Daeseong-dong, yaliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya UNESCO pamoja na makaburi mengine ya Gaya. Herufi ya Kim yenyewe humaanisha metali kwa jumla, si dhahabu peke yake. Ningekuwa mjukuu wa Suro ningejivunia zaidi wahunzi kuliko yai.

Pale kaburini mzee mmoja anayejitolea kuwaongoza wageni alimwuliza mwenzangu swali lile: wa wapi? Wa Gimhae. Tawi gani? Akalitaja. Kizazi cha ngapi toka kwa Suro? Akaambiwa cha sabini na kitu. Mzee akahesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kumbe yeye, mwenye mvi zote zile, alikuwa kizazi kimoja chini. Kwa hesabu ya ukoo, kijana huyu wa Seoul ni baba yake mdogo. Akamwinamia kwa utani, na mwenzangu akawa mwekundu kama kitambaa cha lile sanduku.

Malkia wa Suro amelala mbali kidogo, chini ya kilima cha Guji. Jina lake ni Heo Hwang-ok. Kwa mujibu wa Iryeon alikuja kwa jahazi mwaka 48, binti wa miaka kumi na sita, kutoka nchi iitwayo Ayuta. Kando ya kaburi lake kuna mnara mfupi wa mawe mekundu-mekundu, yaliyoliwa na hali ya hewa hata yakakosa umbo. Inasemekana aliyapakia chomboni kutuliza mawimbi. Wakorea wengi huamini Ayuta ni Ayodhya ya India, na mwaka 2001 walijenga kumbukumbu yake huko huko Ayodhya. Wanahistoria hawashawishiki kwa urahisi, kwani simulizi iliandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya safari inayosimuliwa. Mtu wa pwani yetu hawezi kusikia habari hizi asiwakumbuke Washirazi wa Kilwa na majahazi yao. Watu wanaoishi kwa biashara ya bahari hupenda mwanzilishi wao awe ameletwa na upepo kutoka mbali, kwenye nchi yenye heshima. Jambo hilo halithibitishi jahazi, lakini linathibitisha bandari.

Malkia huyo ana wajukuu kwa jina lake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba wawili kati ya wanawe kumi walichukua jina la mama, na ndio asili ya Heo wa Gimhae. Kwa hiyo Kim wa Gimhae na Heo wa Gimhae ni damu moja, na kwa mila hawaoani.

Hapa ndipo jina linapoacha kuwa hadithi na kuingia chumbani mwa watu. Miiko ya kutooa ndani ya ukoo tunaijua wenyewe. Makabila yetu mengi yanayo. Lakini Korea Kusini iliiandika katika sheria. Kifungu cha 809 cha sheria ya madai kilikataza ndoa ya watu wenye jina moja na asili moja, hata kama babu anayewaunganisha aliishi zaidi ya miaka elfu iliyopita. Fikiria ukoo wa watu milioni nne, wametawanyika nchi nzima, na kila mmoja ni haramu kwa mwenzake. Shangazi wa mwenyeji wangu alimpenda Kim wa Gimhae. Walifanya sherehe, wakaishi pamoja, wakazaa, na serikali haikuwatambua. Mara kwa mara bunge lilifungua dirisha la mwaka mmoja kwa watu wa aina yao, 1978, 1988, kisha 1996, wakimbilie kujiandikisha kabla halijafungwa. Shangazi alijiandikisha katika dirisha la 1988, na mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshaanza shule.

Tarehe 16 Julai 1997 Mahakama ya Katiba ilisema kifungu kile hakipatani na katiba. Vyama vya wazee wa mila vilipinga kwa nguvu, na bunge likajikokota hadi 2005 ndipo likaibadilisha sheria, ikabaki kukataza ndugu wa hadi daraja la nane. Mwenzangu alikuwa mtoto wakati huo. Hata hivyo anasema mpaka leo, akitambulishwa kwa msichana aitwaye Kim, kuna nusu dakika ya mashaka kabla swali halijaulizwa.

Basi lilitufikisha Gyeongju jioni. Huu ulikuwa mji mkuu wa Silla, dola iliyokuja kuimeza Gaya, na kila ukigeuka unaona vilima vya kijani vya makaburi, vingine vikubwa kuliko nyumba zinazovizunguka. Mwaka 1921 watu waliokuwa wakipanua nyumba walichimba wakakutana na taji la dhahabu. Kaburi la Cheonmachong, lililochimbuliwa mwaka 1973, lilitoa taji jingine, na leo unaweza kuingia ndani yake ukaona jinsi chumba cha mbao kilivyofunikwa rundo la mawe na juu yake udongo. Mbao zilipooza mawe yaliporomoka, na wezi wa makaburi wakashindwa kupita. Hapa, tofauti na Gimhae, dhahabu ipo kweli.

Na Kim wa hapa wana dhahabu yao wenyewe. Karibu na mnara wa kutazamia nyota wa Cheomseongdae kuna kichaka cha miti mikubwa, Gyerim. Mwaka 65, kwa hesabu ya kitabu Samguk Sagi cha mwaka 1145, jogoo mweupe aliwika usiku katika kichaka hiki, na kwenye tawi la mti aliokuwa chini yake palining'inia sanduku la dhahabu. Ndani mlikuwa na mtoto mwanamume. Mfalme akamlea, akamwita Alji, na kwa ajili ya sanduku akampa jina Kim. Mwandishi wa Samguk Sagi, niliambiwa na mwenzangu kwa sauti ya mtu anayefichua siri, ni Kim Busik, na Kim Busik alikuwa Kim wa Gyeongju.

Alji hakuwa mfalme. Kiti kilizunguka kati ya koo tatu, Park, Seok na Kim, na Kim wa kwanza kukikalia, Michu, alianza kutawala mwaka 262. Kuanzia Naemul, mwaka 356, kiti kikawa chao kwa karne kadhaa. Nilitembea Gyerim asubuhi na mapema pamoja na wastaafu wanaofanya mazoezi, nikajiuliza ikiwa wafalme hao wa mwanzo waliwahi kuitwa Kim na mtu yeyote. Yaelekea hapana. Majina ya ukoo ya mtindo wa Kichina yaliingia katika jumba la Silla karne ya 6, walipohitaji kujitambulisha kwa watawala wa China. Mfalme Jinheung ndiye anayetajwa kwa jina la Kim katika kumbukumbu za Kichina za wakati huo. Mababu walivishwa jina baadaye, wakiwa wameshalala kwenye vilima vyao.

Mwaka 532 mfalme wa mwisho wa Gaya ya Gimhae alijisalimisha kwa Silla. Watu wake hawakuangamizwa. Walipewa nafasi miongoni mwa wakubwa wa Gyeongju, na kitukuu wake, Kim Yu-sin, akawa jemadari mashuhuri kuliko wote wa Silla. Dada yake aliolewa na Kim Chunchu, aliyekuja kuwa Mfalme Muyeol. Bwana harusi Kim wa Gyeongju, bibi harusi Kim wa Gimhae. Mtoto wao, Munmu, ndiye aliyekamilisha kuziunganisha falme za Korea, na mwaka 661 aliamuru matambiko ya Suro yaendelee kwa sababu Suro ni babu yake upande wa mama. Pengine bila Munmu yule mzee wa Gimhae asingekuwa na kaburi la kulinda.

Munmu ana kioja kingine. Jiwe lililosimamishwa kwa heshima yake, ambalo vipande vyake vimepatikana Gyeongju, halimtaji jogoo wala sanduku. Linaiunganisha nasaba yake na mtoto wa mfalme wa Xiongnu, wale wafugaji wa nyika, aliyetekwa na Wachina akatumikia jumba la Han, akapewa na mfalme wa China jina la Kim. Basi mtu mmoja ana mayai ya dhahabu kwa mama, sanduku la dhahabu kwa baba, na juu ya hayo shujaa wa nyikani kwa ajili ya wageni wa China. Sioni kwamba alidanganya. Kila simulizi ilikuwa na wasikilizaji wake. Na wafalme hawa wa Kim walioana wao kwa wao bila haya, binamu kwa binamu, ili cheo kisitoke nje; mwiko uliomtesa shangazi wa mwenzangu uliletwa karne nyingi baadaye na wasomi wa Confucius wa enzi ya Joseon, kisha ukatetewa kana kwamba ulishuka na mayai.

Kama wafalme peke yao ndio waliokuwa Kim, hawa milioni kumi wametoka wapi? Jibu tulilifuata Daejeon, ambako kuna bustani iitwayo Ppuri, yaani Mizizi, yenye sanamu za mawe zaidi ya 200, kila moja ya ukoo wake, na jumba la makumbusho la vitabu vya nasaba. Bustani yenyewe niliipita haraka. Mawe ya fahari yanachosha. Vitabu ndivyo vilivyonishika.

Kitabu cha nasaba, jokbo, huorodhesha wana wa ukoo kizazi baada ya kizazi. Cha zamani kabisa cha kuchapishwa kilichobaki ni cha akina Kwon wa Andong, cha mwaka 1476. Humo watoto wameandikwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa kike na wa kiume, na watoto wa mabinti wakafuatishwa vilevile, hivyo wengi wa walioandikwa humo hata si akina Kwon. Vitabu vya baadaye vinabadilika. Wana wa kiume wanatangulizwa, binti anabaki kama jina la mumewe, na mke anaandikwa kwa ukoo na asili yake tu, bila jina alilopewa na mama yake. Ajabu ni kwamba katika maisha mke wa Kikorea habadilishi jina la ukoo akiolewa. Anabaki na lake hadi kufa.

Sasa, wakulima wengi hawakuwa na vitabu hivyo, na watumwa hawakuwa na jina la ukoo kabisa. Mlango ulifunguka polepole. Vita vya Wajapani vya 1592 hadi 1598 viliifilisi serikali, ikaanza kuuza vyeti vya cheo vilivyoachwa wazi mahali pa jina: leta nafaka, ujaze mwenyewe. Mwenye cheo akahitaji nasaba, na nasaba zikawa bidhaa. Ukoo uliofukara uliuza nafasi katika kitabu chake. Wengine walitengenezewa tawi jipya la babu aliyedhaniwa kufa bila mtoto. Mwaka 1801 daftari za watumwa wa serikali zilichomwa moto. Mwaka 1894 utumwa wenyewe ukafutwa. Mwaka 1909 ikaja sheria ya kuandikisha kila mtu, na kila mtu akatakiwa awe na jina la ukoo. Aliyekuwa hana alichukua la bwana wake wa zamani, au la jirani, au alilopendekezewa na karani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, utachagua nini? Watu walichagua ya wafalme.

Nilimwuliza mwenzangu kama hilo linamsumbua. Tulikuwa tumesimama mbele ya kabati lenye jokbo nene la ukoo wake. Akasema kwamba babu yake alikuwa na kitabu kama hicho, na kwamba baba yake amewahi kusema, siku moja tu, baada ya kunywa, kuwa kitabu hicho kilinunuliwa. "Sasa kaka, aliyelipa mpunga kuingia humo si alitaka kweli kuwa Kim? Mimi nilizaliwa tu." Nadhani ana hoja.

Mwaka 1940 watawala wa Kijapani waliwapa Wakorea miezi sita wajiandikishe kwa majina ya familia ya mtindo wa Kijapani, na takriban asilimia 80 ya kaya zilifanya hivyo, kwa shinikizo la shule, ofisi na kadi za mgao. Akina Kim wengi walificha herufi yao ndani ya jina jipya: Kaneda, Kaneyama, yote huanza na ileile dhahabu. Mwaka 1946 upande wa kusini majina ya zamani yalirudishwa kwa amri. Katika miaka hiyo ya ukoloni, jokbo zilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyochapishwa kwa wingi zaidi nchini.

Na mlango haujafungwa. Mgeni anayepata uraia anaweza kwenda mahakama ya familia kuomba aanzishiwe jina na asili yake mwenyewe. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka Wilson Loyanae Erupe, Mturkana wa Kenya, aliyeshinda marathoni ya Gyeongju mwaka 2011 na 2012, na ya Seoul mara kadhaa. Mwaka 2018 akawa raia wa Korea Kusini, akaitwa Oh Joo-han. Jina lake la pili, Joo-han, lina maana ya kukimbia kwa ajili ya Korea. La ukoo, Oh, ni la kocha wake. Lakini asili yake aliiweka Cheongyang, wilaya aliyokuwa akiichezea, na kwa hiyo ukoo wa Oh wa Cheongyang unaanza na yeye. Mturkana huyo ana cheo kilekile cha Suro: kizazi cha kwanza.

Mwenzangu alikuwa akikokotoa jambo kwenye simu. "Wewe ukianzisha wako, Tanga, utakuwa kizazi cha kwanza, na mimi ni wa sabini na kitu. Sasa nani anamwamkia nani?"

Nikamwambia shikamoo haihesabiwi kwa vitabu.

"Na jina?"

"Lolote," nikasema, "ila Kim hapana."